Niliyemwona Penye Banio

Jino langu la kwanza kung'olewa lilikuwa zima. Nasema wazi, maana wenzangu wa rika wanajua na wamenicheka vya kutosha. Nilikuwa kijana, sijaoa bado, shavu limevimba siku nne, na mama akanipa nauli niende mjini Arusha. Mganga wa meno alikuwa mtu mrefu, mikono ya baridi, ana kichuma kidogo kama msumari. Akaniegemeza kwenye kiti, akaanza kugonga jino moja moja. Ti. "Hili?" Ti. "Hili?" Sasa mtu akiumwa jino huumwa taya zima. Nikamwambia sijui. Hakukasirika hata kidogo, aliniangalia tu. Nje kulikuwa na benchi limejaa watu wameshika mashavu, na mimi nikaona aibu kumcheleweshea mtu mkubwa kazi yake kwa sababu ya kinywa changu. Akagonga tena. "Ni hili, siyo?" Nikasema ndiyo, ni hilo.

Likatoka na mizizi yake yote, jeupe kama punje ya hindi bichi. Nilipofika nyumbani ganzi ikaisha, na maumivu yako palepale, mlango wa pili na shimo jipya. Mama akaniuliza, "Kwani wewe hukijui kinywa chako?"

"Aliniuliza vizuri, mama," nikamwambia.

Baba alicheka hadi akamwaga chai. Baba alikuwa mtu wa kucheka, tofauti na kaka yake ambaye alicheka mara moja tu, na hiyo siku alikuwa na homa. Lakini nikianza habari za baba mkubwa hatutafika. Ninachotaka kusema ni kwamba niliisimulia hadithi ya jino miaka mingi, harusini, kwenye pombe, kila mahali, na nilidhani ni hadithi ya ujinga wa kijana wa shambani. Nilikuwa sijajua kwamba mtu anaweza kuzeeka na ujinga ule ule, akawa na mvi na fimbo, akaheshimiwa, na safari hii kinachong'olewa si jino lake.

Mimi nimesoma darasa la nne na sikumaliza. Haya ninayoandika mjukuu ananisaidia kuyapanga kwenye mashine, maneno ni yangu. Akinirekebisha sana namwambia aache.

Basi. Sisi tunakaa Kikwe, huku chini, mlima Meru uko mgongoni kwetu na maji yetu yote yanatoka huko. Bila mfereji hakuna nyanya, hakuna vitunguu, hata ndizi za nyuma ya nyumba zinakunjamana. Mfereji una mahali panaitwa banio. Ni pale maji yanapogawanywa: kuna mawe, mbao na magunia ya udongo, ukivuta ubao maji yanakuja upande wako, ukirudisha yanakwenda kwa mwenzio. Kila nyumba ina zamu. Mtu anaweza kusahau siku ya ubatizo wa mwanawe lakini zamu ya maji hasahau, na si yake tu, anajua na ya jirani.

Mimi nilikuwa mmoja wa wazee watatu wa kamati ya mfereji. Tulikuwa tunatoza faini. Ukiiba maji, mbuzi. Ukivunja banio, mbuzi na pombe. Na kulikuwa na sheria nyingine ya wazee wetu, kwamba mwanamke hafiki penye banio. Anaweza kupalilia, kumwagilia, kufua kule chini, lakini ubao wa banio ni wa mwanamume. Walisema maji yatakasirika. Vijana wanaicheka, na nadhani hata mchungaji aliwahi kuisema vibaya. Sisi tuliishikilia. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Tuliikuta.

Karibu na banio kuna shamba kubwa la mbogamboga la mtu wa mjini. Lilikuwa na mashine ya kuvuta maji, ya mafuta, na mlinzi. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, mlinzi alikutwa amelala kifudifudi, kichwa kimepasuka, mashine haipo. Hakufa, tumshukuru Mungu. Alipoweza kusema alisema alipigwa kutoka nyuma na hakuona mtu.

Aliyeona mtu ni mimi.

Nilikuwa nimetoka alfajiri kwenda kujisaidia, choo chetu kiko juu kidogo, na ukisimama pale unaliona banio. Kulikuwa na ukungu. Nikaona mtu penye banio, amevaa koti refu, kofia ya koti kichwani, kitu kirefu begani. Nikamwangalia kidogo, nikarudi ndani kwa sababu ya baridi. Basi. Hicho ndicho nilichoona, sasa naweza kukisema kwa maneno machache namna hii. Imenichukua muda mrefu kukirudisha kiwe kifupi.

Habari za mlinzi zilipofika, sote tulikusanyika kwenye kibanda cha chai. Nikasema, "Mimi nimeona mtu pale asubuhi."

"Mtu gani?" akauliza mwenye kibanda.

"Mtu wa koti. Penye banio."

"Zamu ya nani leo?"

Tukataja wote kwa pamoja. Ilikuwa zamu ya jirani yangu, mwanamume wa miaka arobaini hivi, anayeishi peke yake kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, ng'ambo ya uzio wangu. Mke wake alirudi kwao Moshi zamani. Mtu mpole, mnywaji kidogo, fundi wa baiskeli akipata kazi. Na alikuwa na koti refu la mvua, jeusi, la mtumba, kila mtu analijua.

"Ni yeye basi," mwenye kibanda akasema.

"Ni yeye," nikasema.

Nikakaa pale hadi vikombe vitatu. Kila aliyeingia aliniuliza, nami nikasimulia. Kwenye kikombe cha kwanza nilikuwa nimeona koti. Kwenye cha pili nilikuwa nimeona mwendo wake, ule wa kuburuta mguu wa kushoto. Kwenye cha tatu aligeuka, nikamwona uso. Na usidhani nilikuwa nadanganya. Ningekuwa nadanganya ningejua. Niliuona kabisa ule uso kichwani mwangu, na ndevu zake, na ukungu nyuma yake. Mpaka leo nikifumba macho naweza kuuona, na ndiyo maana siku hizi naviogopa vitu ninavyoviona nikifumba macho.

Mchana pikipiki ya polisi ikaja, ikanichukua hadi kituoni. Kituo sitakitaja. Askari mpelelezi alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye adabu. "Shikamoo mzee wangu," akasema, akanivutia kiti cha plastiki, akaagiza soda. Sijawahi kuitwa kituoni maisha yangu yote. Sisi tuliokua zamani, ukiona kofia ya askari unakumbuka makosa yote, hata yale ya ndugu zako.

"Usiogope, mzee," akasema. "Wewe ni shahidi, siyo mtuhumiwa. Utaniambia tu ulichoona."

Nikamwambia niliona mtu.

"Jirani yako."

"Ndiyo."

"Amevaa lile koti lake jeusi, siyo?"

Koti lilikuwa na giza giza tu, ukungu ule huwezi kujua rangi. Lakini yeye ameshika kalamu, ananingoja, na ameninunulia soda. "Ndiyo, jeusi."

"Na begani amebeba nini?"

"Kitu kirefu."

"Kirefu kama bomba? Lile bomba la mashine?"

"Inaweza kuwa."

"Mzee, mahakamani hakuna inaweza kuwa." Alisema kwa upole, akitabasamu. "Ni bomba au siyo bomba?"

"Bomba," nikasema.

Akaandika. Alinisomea maelezo yangu kwa sauti nzuri, na yalikuwa yamenyooka kuliko nilivyosema mimi, kama barua ya mtu aliyesoma. Nikaona fahari kidogo. Nikaweka sahihi, ile ya kuandika jina kwa herufi kubwa, na askari akaniambia, "Wazee kama wewe wangekuwa kumi, wezi wangehama wilaya hii." Nikacheka. Soda nilikuwa sijaimaliza, nikaimalizia.

Walimchukua jirani yangu jioni ile ile. Nilikuwa uani nafunga ng'ombe. Walimpitisha kwenye njia kati ya uzio wake na wangu, mikono nyuma, na yeye akaniona. Hakupiga kelele.

"Mzee," akasema, "wamesema mtu mzima mmoja ameniona. Ni wewe?"

Nilikuwa nimeshika kamba ya ng'ombe na ng'ombe ananivuta, nikajifanya ninahangaika na ng'ombe. Askari akamsukuma kidogo, wakaenda.

Hofu ilianza pale. Chakula kikawa hakishuki. Mke wangu aliniwekea loshoro, chakula ninachokipenda kuliko vyote, cha mahindi na maziwa ya mgando, nikawa nakoroga tu. Pikipiki ikipita barabarani nasimama. Nilikuwa najiuliza ninaogopa nini wakati mimi ndiye mwenye ukweli. Nikajiambia ninamwogopa yeye, akitoka atanidhuru. Hilo lilikuwa jibu zuri, nikalishika siku mbili tatu.

Siku ya nne habari ikaja kwamba amekiri. Mwenye kibanda aliileta kama mtu anayeleta pilau. "Amesema mwenyewe! Kampiga mlinzi, kachukua mashine, kaiuza mjini, Ngarenaro, kwenye karakana!"

Watu wakanipa mkono. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Umeona? Amekiri."

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Aliibeba na nini mpaka Ngarenaro?"

"Nitajuaje mimi? Gari."

"Gari la nani? Yule hata nauli ya hapo Usa River anakopa."

"Wewe mwanamke, mtu amekiri kwa mdomo wake."

"Sawa," akasema. Akaendelea kuchambua. Mke wangu akisema sawa kwa sauti ile, ni kama mtu aliyefunga mlango na kukaa nyuma yake. Nilimjua, na sikuuliza zaidi. Niliogopa kuuliza, kusema kweli.

Kumbe kule kituoni mambo hayakukaa sawa. Walimpeleka jirani yangu Ngarenaro awaonyeshe karakana. Akawatembeza mtaa hadi mtaa, mara hii, mara ile, mafundi wanawatazama na nyundo mkononi, hajui hata pa kuanzia. Mwisho akaonyesha mlango mmoja, na ukawa mlango wa kinyozi. Wakubwa wakaletewa habari. Wakasema kesi hii ianze upya kabla hajafikishwa mahakamani, na wakaleta askari mwingine kutoka wilayani, mwanamke.

Nikaitwa mara ya pili. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu achukuliwe.

Sijui nitaelezaje hofu ya siku hiyo. Mara ya kwanza niliogopa kofia. Mara hii niliogopa karatasi. Niliambiwa njiani na dereva wa bodaboda, kijana anayejua kila kitu, kwamba shahidi akibadilisha maneno anafungwa yeye. "Ni uongo kwa askari, babu. Miaka kadhaa hiyo." Nikawa najisomea maelezo yangu kimoyomoyo njia nzima: koti jeusi, bomba, uso. Koti jeusi, bomba, uso. Nilitaka kukojoa na tulikuwa hatujafika hata lami.

Yule askari mwanamke alikuwa na umri wa binti yangu wa kati. Hakuninunulia soda. Akanipa maji, akasogeza meza pembeni isiwe katikati yetu, na kile nilichokiona cha ajabu, akaliweka lile faili langu chini sakafuni, hakulifungua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Afande."

"Baba, nataka unisaidie kitu. Mimi sikuwepo siku ile. Wewe ulikuwepo. Sitakuuliza maswali mengi. Anza ulipofungua macho kitandani, uniambie kila kitu, hata vitu vya kipuuzi."

"Nilimwona jirani yangu, amevaa koti jeusi, amebeba—"

"Baba." Akainua mkono taratibu. "Bado hujaamka. Uko kitandani."

Nikakasirika kidogo. Nikaanza kitandani. Nikamwambia mke wangu anakoroma, ambalo si la kumwambia mtu. Nikamwambia nilitafuta kandambili nikapata moja, nyingine mbwa aliichukua, nikaenda mguu mmoja pekupeku, nyasi zina umande kama barafu. Hakunikatiza. Nikinyamaza naye ananyamaza, na ule ukimya haukuwa wa kuningoja niseme kitu fulani. Ni vigumu kueleza. Kuna ukimya unaokuvuta kama kamba na kuna ukimya unaokaa tu. Nikawa nasema vitu nilivyokuwa sijui kwamba ninavyo. Jogoo wa mwenye kibanda. Harufu ya moshi wa mtu aliyekwisha kuwasha jiko. Sauti ya maji.

"Maji yanasikikaje?"

"Yanaanguka. Ubao umevutwa, maji yanaanguka upande huu."

"Na mtu yuko wapi?"

"Amesimama juu ya mawe. Amenipa mgongo."

"Endelea."

"Ameweka jembe begani—"

Nilisikia neno lenyewe likitoka. Jembe. Si bomba, ni jembe, bila shaka ni jembe, mtu anakwenda penye banio na nini kingine? Nikaliangalia faili pale sakafuni. Sasa nimefungwa, nikawaza. Mke wangu atakamua ng'ombe peke yake.

Yeye hakushtuka. "Jembe," akasema. "Sawa. Uliuona uso, baba?"

Na hapa ndipo nataka nikuambie. Siku tisa, kijiji kizima, polisi, kibanda, hakuna aliyeniuliza swali hilo. Wote walijua niliuona. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, na nikautafuta ule uso pale kwenye ukungu, nikaukuta, ukinitazama, na ndevu zake. Lakini ulikuwa hauna mwili. Mwili ulikuwa umenipa mgongo.

"Hapana," nikasema.

"Ulijuaje ni yeye?"

"Ilikuwa zamu yake."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia. "Halafu yule mtu akafanya nini?"

"Akashuka kwenye mawe. Akavuka maji."

"Anavukaje?"

Nikainuka kumwonyesha. Mzee mzima, nikasimama katikati ya chumba cha polisi kumwonyesha mtu anavyovuka maji. Na mkono wangu ukashuka wenyewe kwenye paja, ukakusanya nguo, ukaiinua. Hivi. Vidole viwili, kuinua pindo lisilowe.

Nikabaki nimesimama nimeshika suruali yangu namna ile.

"Kulikuwa na nguo chini ya koti?" akauliza, sauti ya chini.

"Kanga," nikasema. "Ilikuwa kanga." Halafu nikasema kwa nguvu, "Lakini haiwezekani, afande. Mwanamke hafiki penye banio."

Akanishika mkono, akanirudisha kwenye kiti.

Haikuchukua hata siku kumpata mwenye kanga. Kwenye mfereji ule kuna mjane mmoja, mama wa umri wangu, mwanawe wa pekee yuko Dar es Salaam. Zamu yake ilikuwa ya jua kali, maji yanaishia njiani. Jirani yangu alikuwa amembadilishia wiki ile, achukue ya alfajiri, na akamwahidi atakuja kumvutia ubao. Lakini usiku ule jirani yangu alikunywa mbege kwenye harusi, akalala kama gogo. Yule mama alingoja, akaona saa inakwenda, nyanya zake zinakufa, akavaa koti la marehemu mume wake, akaenda kuvuta mwenyewe. Alipoulizwa na yule afande alisema bila kupepesa: "Ni mimi. Na nilikwenda na kurudi, sikuona mashine wala mlinzi. Mnitoze huyo mbuzi."

Kumbe ilijulikana. Wanawake wa kitongoji chetu wote walijua tangu asubuhi ile ile, maana alipita kwa mmoja wao kuomba moto. Niliporudi nilimkuta mke wangu jikoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mtu amekaa mahabusu siku tisa, ulijua, ukanyamaza?"

Akafunika sufuria. "Ningekuambia nini? Kamati nzima ingemkalia yule mama. Mbuzi, pombe, na mvua ikikosekana ni yeye ameleta. Tukasema polisi watamwachia tu, hakufanya kitu, watamwachia. Halafu akakiri. Tukachanganyikiwa." Akachomoa ukuni. "Na nilikuogopa wewe. Wewe ukiuliza kitu, mzee, unakuwa umeshajua jibu. Mtu anaona akupe tu hilo ulilonalo."

Nilikuwa nimekaa kwenye kamati ile miaka mingi nikiuliza watu, na wote walikubali makosa yao. Nilijiona hodari. Sasa nikaanza kuwahesabu kimoyomoyo waliotoa mbuzi, na sikutaka kumaliza.

Walimwachia siku ya kumi na moja. Kwa mlinzi na mashine, mpaka leo sijasikia aliyekamatwa.

Sisi watu wa mlima Meru tuna jani la isale. Wachaga wanalo, na sisi tunalo, limepandwa kwenye mipaka. Ukimkosea mtu sana, unakata jani hilo, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hakatai. Anaweza kuwa amechinjiwa ng'ombe wote, akiliona jani lazima asamehe, akikataa balaa linamgeukia yeye. Ndivyo tulivyolelewa, na Wakristo tukiwa Wakristo hatujaliacha.

Nikakata jani, nikalifunga fundo, nikaenda asubuhi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, amenyolewa upara, amekonda shingo. Kando yake kulikuwa na begi dogo. Alinyanyuka, akanipa kigoda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja, mwanangu."

"Naona. Umekuja na jani."

Nikamwambia yote, kikombe kwa kikombe. Alisikiliza akichuna gome la mti kwa kucha. Nilipomaliza nikamuuliza lile lililokuwa linanila: kwa nini alikubali? Walimpiga?

"Hawakunigusa," akasema. "Yule mnene alikuwa mtu mzuri sana. Alikuwa ananipa sigara. Nilimwambia nililala. Akauliza, sasa zamu yako nani alifungua maji, yalijifungua yenyewe? Nikawaza mama wa watu, nikanyamaza. Akasema, umenyamaza, maana yake unajua. Kesho yake akaniuliza hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo." Akatupa gome. "Halafu akaniambia, bwana, wewe ulikuwa umelewa, siyo? Nikasema ndiyo. Mlevi anaweza kufanya kitu akasahau, siyo? Nikasema inawezekana. Akasema yuko mzee wa heshima, amekujua tangu unazaliwa, amekuona uso kwa macho yake. Mzee kama yule anaweza kusema uongo?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Nikafikiri. Mzee, nakuambia kweli, nilikaa pale chini nikafikiri. Nikasema, yule mzee hasemi uongo. Basi labda nilikwenda. Nikaanza kujiona. Nilimwona mlinzi, nilimwona anaanguka. Nimejiona mimi mwenyewe ninampiga. Mpaka sasa namwona." Akacheka, kicheko kisicho na pumzi. "Unajua jana nimemtafuta huyo mlinzi nimwombe msamaha? Akanifukuza. Ananiambia wewe mtu umerogwa, hukunifanya kitu. Hata yeye sikumwamini."

Nikamnyoshea lile jani.

Alilitazama muda mrefu. Ng'ombe wangu alilia ng'ambo ya uzio.

"Isale haikataliwi," akasema.

"Haikataliwi, mwanangu."

"Hata huku nyumbani siwezi kusema hapana."

Nilibaki nimeunyosha mkono. Sikujua niurudishe au niuache. Nikasema, "Unaweza. Mimi sitasema kitu. Sema unavyotaka."

"Sijui ninavyotaka, mzee. Nikijiuliza, anayejibu simjui."

Akainama, akachukua lile begi, akalitia begani. Akafunga mlango kwa kamba kama mtu anayekwenda sokoni. Alinipita, akasimama karibu na bega langu kidogo, nikasikia anapumua, nikadhani atachukua jani. Hakuchukua. Alishika njia ya kwenda barabara ya Moshi, akiburuta mguu wa kushoto, hakwenda haraka, hakugeuka, na hajarudi.